Siku moja na karai langu la kukaangia, soko la samaki Bagamoyo

Saa kumi na moja alfajiri. Usiku ulikuwa wa giza, kwa hiyo dagaa wapo. Wavuvi huwavuta kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, na siku hizo nategemea samaki wengine, vibua na changu.

Saa kumi na mbili. Pwani yetu ina kina kifupi, mashua hutia nanga mbali. Vijana wanaingia majini hadi kiunoni na kurudi na ndoo kichwani. Dalali anapaza sauti. Nabonyeza nyama, nafunua matamvua: yakiwa mekundu nanunua, yakififia napita. "Shangazi, wahi, wachuuzi wa Chalinze wameshafika!" ananiita kijana mmoja.

Saa mbili. Kuparua magamba, kutoa matumbo, kuchanja, chumvi. Moto nauanzisha kwa vifuu, kisha kuni. Mafuta lazima yachemke hasa, la sivyo samaki anashika chini ya karai na kunywa mafuta.

Saa nne. Hapa ndipo kazi ilipo. Wageni hudhani tunakaanga kwa ajili ya chakula chao cha mchana, kumbe karai ni hifadhi. Samaki mbichi bila barafu hamalizi siku kwenye joto hili. Aliyekaangwa mpaka akakauka hufika Msata akiwa mzima, na kesho bado analiwa. Mama yangu aliwakaangia wachuuzi kwanza. Wapakuzi wa mashua wenye njaa wakaomba kipande, ugali ukafuata, kachumbari, ndimu, mabenchi. Leo anayekuja kununua na anayekuja kula wanapigana vikumbo, na napenda hivyo.

Saa saba. Wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, familia kutoka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 70, na watalii wanaotoka kutazama jengo la forodha la mwaka 1895 hapo jirani. Mama mmoja kachagua changu wake mnadani, kanifuata naye mkononi, kasimama mpaka akaiva.

Saa kumi. Nasugua karai, nalipa kuni. Wapo wanaotaka majiko yahamishwe mbali na mnada, eti moshi. Moshi ni kweli, macho yangu yanajua. Tujengeeni mabomba ya kuutoa juu, maji safi na mifereji, lakini karai na mnada vibaki chini ya paa moja. Mlaji asiyemwona samaki akishushwa atajuaje ni wa leo?