Leo kwa noteri
Leo nimempeleka Mama mkubwa kwa noteri, yaani ofisa anayethibitisha hati kisheria, hapa Lubumbashi, Kongo, ampe mwanawe wa Kolwezi mamlaka ya kumsimamia mambo ya kiwanja. Kwanza kadi za mpiga kura: yake na za mashahidi wawili. Kisha noteri akasoma hati yote, neno kwa neno, kila fungu la Kifaransa akimgeuzia kwa Kiswahili. Foleni ikanung'unika, wala hakujali! "Mama, haya ndiyo mapenzi yako? Hakuna aliyekulazimisha?" Mama akaitika kwa sauti ya kanisani. Hapo ndipo kalamu ikatolewa: sahihi ya mama, za mashahidi, ya noteri, halafu muhuri na namba ya daftari. Tarehe yenyewe imeandikwa kwa maneno.

Kabla yetu kijana mmoja alileta karatasi ambayo kaka yake alishaisaini nyumbani. Kaka yuko wapi? Kazini. Akarudishiwa karatasi yake. Watu walimhurumia, mimi hapana. Noteri anaandika kwamba fulani amefika mbele yake. Sasa aandike hivyo juu ya mtu ambaye hajamwona?

Sheria ya hati hizi za noteri ni ya 1966. Mkienda, mashahidi nao wabebe vitambulisho.