Safari ya Kufuata Mpingo: Mwenge, Newala, Makongeni

Kijiji cha wachonga vinyago cha Mwenge, jijini Dar es Salaam, hakiko mbali na barabara ya Sam Nujoma, na mgeni hukisikia kabla hajakiona, kwa mlio wa tezo ikichapa gogo na wa patasi ikigongwa taratibu. Mbele kumepangwa maduka ya watalii, yenye twiga, vifaru na Wamasai wembamba waliong'arishwa kwa kiwi, na wachuuzi wake wanajua bei katika sarafu nyingi kuliko karani wa benki. Nyuma ya maduka hayo, chini ya mabanda ya mabati, ndiko kazi inakofanyika, na ndiko nilikoanzia safari yangu. Nilitaka kujua wasanii hawa, ambao kwa zaidi ya nusu karne wamekuwa wakichonga kile ambacho ulimwengu unakiita Umakonde, yaani sanaa ya Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, kazi zao zinaonyesha mahali gani hasa, na kama watu wa mahali hapo wanajitambua ndani ya kazi zao.

Mzee niliyeketi naye alikuwa akikwangua ganda jeupe la nje la gogo ili afikie kiini cheusi. Baba yake, alinieleza, alivuka mto Ruvuma kutoka upande wa Mueda, Msumbiji, wakati Wareno walipokuwa wakiwatoza watu kodi na kuwalazimisha kulima pamba, akaja kukata mkonge katika mashamba ya Tanganyika. Nilipomwuliza kama yeye ni Mmakonde wa Newala, mkoani Mtwara, alicheka, akaniambia, "Wale ni ndugu zetu, mwanangu, lakini sisi wa ng'ambo mlituita Wamawia, na hamkutuita hivyo kwa heshima." Kisha akarudi kwenye gogo lake.

Historia ya kazi hizi inampa haki mzee huyo. Mitindo miwili inayojulikana zaidi duniani ilianzishwa na wahamiaji, tena mbali na makwao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianza kuchonga viumbe vya ajabu, vyenye jicho moja, viungo vilivyopindana na midomo iliyopasuka, na mfanyabiashara wa Dar es Salaam aitwaye Mohamed Peera akavinunua na kumtia moyo aendelee. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtindo wa shetani. Karibu na wakati huohuo Roberto Yakobo Sangwani, naye akiwa ametokea Msumbiji, alianza kuchonga nguzo za watu waliobebana. Kwa Kimakonde kazi hiyo iliitwa dimoongo, yaani nguvu, na inasemekana mwanzoni ilimwonyesha mshindi wa mieleka akiinuliwa na wenzake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nguzo hizo ziliitwa ujamaa, zikawa zawadi za wageni wa serikali, na mshindi wa mieleka akasahaulika. Sioni kuwa ni dhuluma. Wachongaji wenyewe walilikubali jina hilo na kulitumia vizuri, kwa kuwa watu waliotawanywa na mkonge walikuwa na sababu zao za kuchonga ukoo mzima katika gogo moja, babu akiwa chini na vitukuu juu, bila hata mmoja kuachwa nje. Ninachoona ni kwamba taifa lilijiona katika kazi za watu ambao wengi wao hawakuwa raia wake.

Basi la kusini liliondoka alfajiri, na kulipokucha tulikuwa tumekwisha kuipita Kibiti tukielekea Rufiji. Zamani mto huu ulivukwa kwa kivuko, na mvua zikizidi, Lindi na Mtwara zilikuwa kama zimekatwa na nchi. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, ndilo lililoziunganisha. Ng'ambo ya mto huanza misitu ya miombo ya Kilwa, na humo ndimo mpingo unamoota. Mgeni aliyezoea kuuona ukiwa kinyago huupita bila kuutambua, maana ni mti mfupi, wenye miiba na shina lililopindapinda, na weusi wake wote umefichwa ndani. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na viwanda vya Ulaya huutumia kutengeneza klarineti na oboe. Baadhi ya vijiji vya Kilwa vinasimamia misitu yao wenyewe na tangu mwaka 2009 vimekuwa na cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu. Abiria mwenzangu, mkulima wa ufuta, alinionyesha mpingo mmoja kando ya barabara karibu na Nangurukuru, akashangaa mtu kusafiri siku nzima kwa ajili ya mti usiozaa tunda.

Kabla ya kufika Lindi mjini kuna Kikwetu, ambako wengi wanakujua kwa sababu ya kiwanja cha ndege. Wapenda sanaa wanapaswa kukujua kwa sababu nyingine, kwani George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934, alikulia katika mazingira ya shamba la mkonge la Kikwetu. Alijifunza kuchonga mpingo, akaja Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, akapata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, na humo ndimo ilimogundulika kwamba mlinzi huyo alikuwa msanii kuliko wengi aliokuwa akiwalinda. Mashetani ya Likankoa, yaliyokuwa meusi na ya kutisha, Lilanga aliyavika rangi, akayapa masikio makubwa, matumbo na vidole viwili vya miguu, akayapeleka sokoni, hospitalini na kwenye ngoma za mtaani. Alifariki mwaka 2005, kazi zake zikiwa zimekwisha kuonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Nilishuka Kikwetu nikatembea kidogo. Hakuna kibao wala jengo lenye jina lake, na kijana wa bodaboda niliyemwuliza alidhani namtafuta mwenye duka. Lakini nilipoitazama ardhi ile ya mkonge, isiyo Mueda wala Dar es Salaam, nilielewa kwa nini viumbe vya Lilanga vinaonekana kuwa nyumbani popote vilipo: alikulia katika kambi ambapo kila mtu alikuwa ametoka kwingine.

Mtwara nililala tu. Kesho yake gari lilianza kupanda kupitia Nanyamba na Tandahimba, katikati ya mikorosho isiyo na mwisho, kwenye mchanga mwekundu ambao hauhifadhi maji. Uhaba wa maji ni sehemu ya utambulisho wa uwanda huu, kwa kuwa kwa vizazi vingi wanawake walishuka mabondeni kuyachota na kuyapandisha kichwani, na wazee wanaeleza kwamba babu zao walichagua ukame huo kwa hiari. Gari lilipopita Mahuta nilikumbuka simulizi ya asili ya Wamakonde, ambayo Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, aliiandika alipokuja huku mwaka 1906. Alikuwepo kiumbe mmoja porini, asiyeoga wala kunyoa, aliyechonga umbo la mwanamke kwa mti na kulisimamisha kando ya makazi yake. Usiku umbo likapata uhai, likawa mke wake. Walipozaa karibu na maji mtoto alikufa, wakahama, wa pili akafa vilevile, na waliporudi juu porini, Mahuta, wa tatu akaishi. Sijui kabila jingine la nchi yetu linalosimulia kwamba mama yao wa kwanza ni kinyago. Waswahili husema kinyago nilichokichonga mwenyewe hakinitishi. Mmakonde angeweza kujibu kwamba cha kwake ndicho kilichomzaa.

Newala ina baridi ambayo mtu wa pwani haitarajii. Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mjomba wake, na haikuwa bahati kwamba tulikwenda kwa mjomba na si kwa baba, kwani Wamakonde hufuata ukoo wa mama na mambo ya jando husimamiwa na wajomba. Nilimsalimu shikamoo, akanikaribisha mkekani, nikamweleza nilikotoka na nilichokifuata. Akasema kwa upole kwamba nimepita shabaha yangu zamani sana. "Mpingo haupo huku juu," alisema. "Vinyago hivyo vyeusi mnavichonga nyinyi huko Dar es Salaam. Sisi tunachonga sura."

Sura alizozizungumzia ni barakoa zinazochezwa kwenye midimu, yaani ngoma za vijana wanapotoka jandoni, nazo huchongwa kwa mti mwepesi, maana mchezaji hawezi kuruka na kisiki cha mpingo usoni. Zipo za wazee, za watani, za wageni wenye pua ndefu, na zipo ambazo ni kiwiliwili kizima cha mwanamke mjamzito, ambacho mwanamume hukifunga kifuani. Juu ya nyuso hizo huchongwa au hubandikwa kwa nta chale zilezile ambazo zamani zilichanjwa kwenye ngozi ya binadamu, na kwenye mdomo wa juu huwekwa ndonya, pambo la kuchomekwa katika mdomo uliotobolewa. Bibi mwenye ndonya ni adimu kuonekana Newala siku hizi, na vijana wa leo hawachanjwi. Mti umebaki na alama ambazo miili imeziacha. Mjomba hakulisikitikia hilo kama nilivyotarajia. Alisema chale zilikuwa za kumtambua mtu vitani na safarini, na siku hizi kuna vitambulisho vya taifa, kisha akaongeza kwamba yeye mwenyewe asingependa wajukuu wake wapitie maumivu yale. Sura zenyewe hakunionyesha, kwa kuwa haukuwa msimu wake na mimi si mtu wa jando lao. Nilimheshimu zaidi kwa hilo. Mamia ya sura kama hizo ziko ndani ya makabati ya vioo Ulaya, nyingine zikiwa zilichukuliwa na Weule huyohuyo, na yeyote mwenye nauli huzitazama bila kuulizwa ni wa jando gani.

Jioni tulikwenda Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, ambapo ardhi huporomoka ghafla na bonde la Ruvuma huonekana chini hadi Msumbiji. Mwenyeji wangu alinyoosha kidole kuelekea uwanda wa Mueda. Huko, tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika kudai haki zao. Miaka minne baadaye FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam, ilianza vita vya ukombozi katika jimbo hilohilo la Cabo Delgado, na wachongaji wengi wakavuka mto pamoja na wakimbizi. Tangu mwaka 2017 uasi umewafukuza tena watu wa kule makwao. Mto ambao ramani inauita mpaka umekuwa kwa Wamakonde njia ya kupita, na kila wimbi la wavukaji limeleta mafundi wapya Mtwara na Dar es Salaam.

Njia ya wavukaji haikuishia Dar es Salaam, kwa hiyo nami niliendelea kaskazini. Mkonge, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893, ulijaza mashamba ya Tanga, na njaa yake ya vibarua ilivuta watu kutoka kusini hadi ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani ya Kenya. Wajukuu wa vibarua hao wanaishi sehemu mbalimbali za Kwale, na wengi wako Makongeni, Msambweni, ambako nilifika kwa matatu iliyojaa ndizi.

Hapa suala la mtu kuwa wa mahali fulani lilikuwa la karatasi kabla halijawa la sanaa. Wamakonde wa Kenya waliishi miongo mingi bila uraia, hata waliozaliwa humo na kuzika wazazi wao humo. Mnamo Oktoba 2016 walifunga safari ya kwenda Nairobi kwa miguu, wakafika kwa rais, akaamuru wapewe vitambulisho, na mwanzoni mwa mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Mchongaji niliyemkuta chini ya mwembe, mtu wa makamo, alikuwa miongoni mwao. Kabla ya hapo, aliniambia, hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kufungua akaunti ya benki. Mteja wa hoteli za Diani alilipa kwa simu ya mtu mwingine, na huyo mwingine akakata chake kwanza.

Nilimwuliza kama vinyago viliwasaidia kujulikana. Alijibu kwamba vilisaidia na kudhuru. Mtalii alivipenda kwa sababu ni vya Kimakonde, na ofisi ya vitambulisho ilimkataa yeye mchongaji kwa sababu hiyohiyo: mtu anayechonga mambo ya Msumbiji atakuwaje Mkenya? Kwa miaka kadhaa aliacha mashetani na nguzo akachonga ndovu na twiga kwa kufuata mtindo wa Wakamba, wasioulizwa walikotoka. Hapo nilitabasamu, kwa maana Wakamba wenyewe husimulia kwamba uchongaji wao wa biashara ulianzishwa na Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu aliyeujifunza Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alikuwa anaifahamu habari hiyo, na aliisimulia vizuri kuliko mimi.

Siku niliyomkuta alikuwa na agizo la twiga wa hoteli, na pembeni, kwenye gogo la muhugu kwa kuwa mpingo ni ghali Kwale, alikuwa ameanza nguzo ya ukoo. Kwenye nguzo hiyo watu wa chini walikuwa na chale usoni na waliowafuata juu hawakuwa nazo. Nilimwuliza kama ni kwa sababu kazi haijakwisha. Akasema hapana, hao wa juu ni kizazi chake. Babu yake alikuwa na chale, yeye hana, na asingemchongea mwanawe alama ambayo mwanawe hana. Bei aliyonitajia ilikuwa juu kuliko ya Mwenge, akaieleza bila haya: muhugu unanunuliwa, siku za kazi ni nyingi, na safari hii fedha ingeingia kwenye simu yake mwenyewe. Tulipatana, nikalipa nusu, na nusu nyingine nitaituma akiimaliza.