Kabichi ya Wimborne St Giles

Dada yangu anayeishi London alinicheka nilipomwambia natumia nauli yote ile kwenda kuona kaburi. "Mdogo wangu, wenzio wanakuja Uingereza kutazama mpira, wewe unafuata marehemu wa Kizungu!" Nikamwomba basi anisindikize angalau hadi Piccadilly Circus, maana safari yangu ilikuwa inaanzia pale.

Pale kwenye makutano kuna chemchemi ya shaba nyeusi, na juu yake kijana wa alumini mwenye mabawa, nguo kidogo, upinde mkononi, amesimama kwa mguu mmoja. Watu humwita Eros. Tulikaa karibu nusu saa, wageni wakipiga picha kwa zamu, na sikumwona hata mmoja akiinama kusoma maandishi. Dada naye miaka yote anapita hapo. "Kwa hiyo huyu ndiye bwana wako?" akauliza, akimwonyesha kijana wa mabawa.

Hapana. Sanamu ni kazi ya Alfred Gilbert, ilizinduliwa 1893 kwa kumbukumbu ya Anthony Ashley-Cooper, Earl wa 7 wa Shaftesbury (earl ni cheo cha kurithi), mwanasiasa aliyetetea watoto na vibarua, aliyezaliwa 1801 na kuingia bungeni 1826. Mwenyewe alikuwa mzee mrefu, mwenye sura ya huzuni, aliyevaa vizuri muda wote. Sidhani kama angefurahia kukumbukwa kwa kijana aliye nusu uchi.

Asubuhi nikapanda treni Waterloo hadi Salisbury, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Njiani nilikuwa nawaza watoto wa migodi ya makaa ya mawe. Wengine walikuwa na miaka mitano au sita tu, na kazi yao ilikuwa kukaa peke yao gizani kutwa nzima, kufungua na kufunga mlango wa hewa kila toroli linapopita. Ripoti ya 1842 ya tume iliyochunguza kazi za watoto ilichapishwa na michoro, watu wakaona kwa macho yao, na mwaka huohuo Shaftesbury akapitisha sheria iliyokataza wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Sheria ya saa kumi kwa wanawake na vijana viwandani ilipita 1847. Alikuwa ameipigania miaka mingi, lakini siku ilipopita hakuwa na kiti bungeni. John Fielden ndiye aliyeisukuma hadi mwisho. Watoto waliokuwa wakitumwa kupanda ndani ya dohani kuzisafisha ndio waliosubiri zaidi, hadi 1875.

Basi la kwenda vijijini nililoambiwa nisubiri halikutokea, nikakodi teksi. Barabara inapita kwenye vilima vya nyasi na kondoo, halafu inashuka Wimborne St Giles, kijiji kimya chenye kijito, alikozikwa Shaftesbury. Kanisa liko kando ya uwanja wa majani, na limeungana na nyumba za matofali mekundu zilizojengwa karne ya 17 kwa ajili ya wazee maskini.

Ndani, kaburi linalovuta macho si lake. Ni la babu wa ukoo, Sir Anthony Ashley, limepakwa rangi na kupambwa, na hapo pana tufe la jiwe lenye vipande vya pembe sita. Wenyeji husema ni kabichi, kwa kuwa eti yeye ndiye aliyeleta kabichi Uingereza! Nilipiga picha nikamtumia dada.

Shaftesbury alikataa kuzikwa Westminster Abbey, kanisa la London wanakozikwa wakubwa. Ibada ilifanyika huko Oktoba 1885, maskini wa London wakajaa barabarani, kisha mwili ukaletwa hapa kijijini. Nilisimama mbele ya bamba lake nikiwaza jambo ambalo wapinzani wake hawakumwachia apumue: kinyozi hajinyoi. Wenye viwanda walimuuliza, wewe unayewalilia vibarua wetu, vibarua wa baba yako huku kwenu Dorset wanalipwa nini? Mwaka 1843, kwenye karamu ya wakulima Sturminster, alisimama akawasema wamiliki wa ardhi hadharani kuhusu mishahara na vibanda vya wafanyakazi wao. Baba yake hakumsamehe kirahisi. Alipokuja kurithi mwenyewe, 1851, alikuta madeni na nyumba za aibu. Akaanza kujenga mpya, pesa hana, na baadaye akaishia mahakamani na msimamizi wa mali yake mwenyewe. Kwangu mimi sehemu hii ya maisha yake inasema mengi kuliko hotuba zote za bungeni. Si kwamba alikuwa sahihi kila mahali. Kupanua haki ya kupiga kura, kwa mfano, alikupinga.

Na kuna uzi mmoja unaofika kwetu. Tangu 1851 hadi kufa alikuwa rais wa chama cha Biblia cha London, kilichochapa Agano Jipya la Kiswahili la Askofu Edward Steere wa Zanzibar.

Kabla sijatoka niliwaza wamachinga wa London waliomzawadia punda. Hakuna sanamu ya punda huyo popote nilipopita, na ningeipenda kuliko ya Piccadilly.

Nikiwa nje nasubiri teksi, simu ikalia. Dada alikuwa amejibu ile picha: "Kabichi gani? Huo si mpira huo!"