Dada anaishi juu ya mchanga

Maelekezo ya dada yalikuwa mafupi: "Shuka kwenye majengo ya matofali mekundu, mdogo wangu, halafu panda basi dogo la bure." Matofali mekundu niliyaona bila shida. Basi dogo sikuliona, kwa sababu ukungu wa Septemba ulikuwa umemeza barabara, uwanja na hata Daraja la Golden Gate ambalo nilikuwa nimesafiri masafa yote yale nikijiahidi kulipiga picha. Lililobaki ni honi zake tu, zikilia mbali kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama.

Basi nikaburuza sanduku langu kwa miguu ndani ya Presidio, kambi ya zamani ya jeshi huko San Francisco, Marekani, ambayo sasa ni hifadhi ya taifa, na kwa kupotea huko nikaona zaidi ya nilivyokusudia.

Kwa anayejua kambi za jeshi, mpangilio hauhitaji maelezo. Uwanja wa gwaride katikati, mabweni ya askari upande mmoja yamejipanga mstari mmoja kama yanasubiri kukaguliwa, nyumba za maofisa upande mwingine zikiwa na baraza za mbao. Wahispania ndio walioanza hapa mwaka 1776. Eneo likapita mikononi mwa Mexico, kisha vita vya 1846 vilipoanza jeshi la Marekani likalichukua na kukaa mpaka 1994. Katika klabu ya zamani ya maofisa kuna kuta za matofali mabichi ya udongo, nene kiasi kwamba ukiingiza mkono wote kwenye dirisha bado hujafika nje. Sasa bweni moja ni hoteli, jingine ni makumbusho. Nyumba za maofisa wanapanga raia. Niliona kiti cha mtoto kimeegeshwa kwenye baraza ambako labda kanali fulani alivutia kiko chake.

Karibu na hapo kuna mlingoti wa bendera, na nilipita nikidhani ni mlingoti tu. Dada ndiye aliyenieleza baadaye kwamba pale palikuwa na nyumba ya Jenerali Pershing wa jeshi la Marekani, iliyoungua Agosti 1915 na kuua mkewe na binti zao watatu. Mwenyewe alikuwa kikazi mpaka wa Texas. Mtoto wa kiume mmoja alinusurika. Nyumba haikujengwa tena.

Basi dogo likanikuta nikiwa nimeshatembea nusu ya njia. Dereva alicheka alipoona sanduku. Tukapanda kilima na kuingia msituni: mikaratusi, misonobari na misaipresi, giza la mchana, harufu ile ya dawa ya kifua. Nikajiambia, naam, huu ndio uasili wenyewe, jeshi lilikuwa limeuzingira tu.

Nilikosea kabisa. Msitu huo ni kazi ya jeshi. Mwaka 1883 meja mmoja wa uhandisi, William Jones, alichora mpango wa kupanda miti kwenye vilima hivi, ambavyo kabla ya hapo vilikuwa nyasi, vichaka na mchanga, vikichapwa na upepo wa bahari kutwa. Alitaka kuzuia upepo, na pia alitaka kambi ionekane kubwa kuliko ilivyo: miti ikiwa minene juu ya vilima, mtu wa mjini hajui kilima kinaishia wapi. Ukiangalia vizuri utaona sehemu zingine miti bado imesimama safu kwa safu. Sasa misaipresi mingi imezeeka kwa pamoja, maana ilipandwa kwa pamoja, na wanaikata na kupanda mingine kidogo kidogo. Magogo 37 ya miti hiyo mchongaji Andy Goldsworthy aliyafunga mwaka 2008 kuwa mnara mmoja mrefu uliochongoka. Uliungua mwaka 2020 ukabaki mweusi, lakini umesimama. Mimi niliupenda hivyo hivyo ulivyoungua.

Dada alinipokea mlangoni akiwa bado na sare zake za uuguzi, ametoka zamu ya usiku.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kung'uta viatu kwanza."

Nikadhani ni usafi wake wa tangu utotoni. Kumbe ni mchanga. Mbele ya kila mlango wa safu ile kulikuwa na ufagio.

Anapanga kwenye majengo yanayoitwa Baker Beach, upande wa bahari. Si mazuri, tuseme ukweli. Ni maboksi ya ghorofa mbili tatu ya mwaka 1953, ya aina iliyopewa jina la Seneta Wherry wa Nebraska, ambaye sheria yake ya 1949 iliruhusu wajenzi binafsi kujenga kota za familia za askari haraka haraka. Ili kuyajenga, matuta ya mchanga yalisawazishwa kwa tingatinga. Lakini dirisha la jikoni la dada linatazama Bahari ya Pasifiki, na hapo ndipo ubishi wangu kuhusu usanifu ulipoishia.

Jioni alinieleza hesabu za mahali hapo, na nakiri kwamba mpaka hapo nilikuwa sijaelewa kwa nini kuna watu wanaoishi ndani ya hifadhi ya taifa. Sheria ya 1972 ilikuwa imeshasema kwamba jeshi likiondoka, ardhi iwe hifadhi. Jeshi likaondoka, likaacha majengo mamia, mabomba yaliyochakaa, rangi yenye madini ya risasi iliyobanduka kutoka kutani na kuchafua udongo. Nani alipe? Mwaka 1996 Bunge la Marekani likaunda taasisi, Presidio Trust, likaipa sharti: mpaka 2013 muwe mnajitegemea, la sivyo eneo litauzwa. Wakafanya ambacho mwenye nyumba yeyote angefanya. Wakakarabati na kupangisha, nyumba na maofisi, kwa bei ya soko. Leo nyumba ni zaidi ya 1,000 na wakazi kama 3,000. Walifikia lengo lao.

"Kwa hiyo kodi yako ndiyo inayomwagilia hiyo miti?" nikamuuliza.

"Hiyo miti, hao ndege, na huyo anayelia huko nje."

Nje kulikuwa na koyote, jamaa wa mbweha, sauti kama mtoto anayecheka vibaya. Walirudi wenyewe miaka ya 2000. Wakiwa na watoto, njia kadhaa hupigwa marufuku kwa mbwa, na kibao kinaeleza hivyo bila kuomba radhi. Kambi nzima sasa inampisha mnyama ambaye askari wangempiga risasi bila kufikiri mara mbili.

Asubuhi ya Jumamosi akaniamsha mapema. "Twende ukafanye kazi kidogo, umekaa sana kwenye ndege." Tukashuka hadi bonde la kijito cha Lobos, ambacho maji yake ndiyo yanayotumika kwenye mabomba ya Presidio. Kando yake kuna matuta yaliyorejeshwa, na njia ya mbao inayokupitisha juu ya mchanga bila kuukanyaga. Watu wa kujitolea walikuwa wameshafika, glavu mikononi. Kazi ilikuwa kung'oa mmea mmoja wa kigeni wenye majani manono ya pembe tatu, kama vidole, uliopandwa zamani ili kuushika mchanga usitembee. Unavuta kamba moja, zinakuja kumi. Ukivunja jani, maji yake yananata mpaka jioni.

Karibu na goti langu dada akanionyesha ua la njano, dogo kama kifungo cha shati. "Usilikanyage, tafadhali. Hili ndilo lenye mali." Ni lessingia ya San Francisco, mmea unaoota na kufa ndani ya mwaka mmoja, na ulioingizwa kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini mwaka 1997. Hauna makuu isipokuwa sharti moja: unataka mchanga wazi unaosogea. Ukiufunika kwa nyasi, miti au saruji, basi. Hapa kuna mingine iliyobahatika zaidi ya huo. Mwaka 2009, wakati wa kujenga upya barabara iendayo darajani, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akipita na gari aliona kichaka kando ya njia na akageuka. Ilikuwa manzanita ya Franciscan, iliyodhaniwa kutoweka porini tangu miaka ya 1940. Waliihamisha na udongo wake wote, na mahali ilipo panafichwa.

Nikang'oa kwa muda ndipo nikauliza swali ambalo nadhani dada alikuwa akilisubiri tangu jana yake. Mchanga huu ukishatoka hapa, unaelekea wapi?

Akanyoosha kidole kilimani. Kwenye maboksi. Kwenye dirisha lake la jikoni.

Mpango mkuu wa 2002 uliandika kwamba kota hizo za 1953 zibomolewe kwa awamu ili matuta yarudi na ua hili lipate nafasi. Zile za matofali mekundu zitabaki, ni historia. Hospitali kubwa ya 1932 pale ng'ambo ilivuliwa mabawa yake ya kisasa, na mwaka 2010 ikawa nyumba 154 za kupanga. Zake yeye hazina wa kuzililia.

"Na wewe unakuja kila Jumamosi kulipalilia."

"Mimi mpangaji, mdogo wangu, si mwenye nyumba. Hili lilikuwa hapa kabla ya seneta."

"Lini sasa?"

"Kodi yangu bado wanaipenda." Akacheka, akavuta kamba nyingine. Nikaona kwamba hapo ndipo penye fundo: fedha za kuondoa nyumba zile na kurudisha mchanga zinatoka kwa watu wanaoishi ndani ya nyumba zile. Kila mwaka zinaposimama zinalipia msitu. Kila mwaka zinaposimama, ua linakosa pake. Sijui ningeamuaje, na niliona afadhali kuendelea kung'oa.

Siku ya kuondoka ukungu ulifunguka, nikalipata daraja langu, picha tatu. Dada alikuwa kizingitini na ufagio. Usiku kucha upepo ulikuwa umeleta mchanga, kilima kidogo mlangoni, chenye mistari kabisa. Akaufagia kwenye kizoleo. Badala ya kuutia kwenye pipa la taka akavuka barabara na kuumwaga upande wa pili, kwenye vichaka, akakipigapiga kizoleo mpaka punje ya mwisho.

"Kimbia," akasema, "basi hilo linakuja."