Tumbaku ya Kamba: Kutoka Kendal hadi Barazani kwa Babu, Mvumi

Babu aliinusa mara tatu kabla ya kusema lolote. Ilikuwa kamba ya tumbaku yenye urefu wa kiganja, nyeusi, nene kama kidole gumba na inayong'aa kwa mafuta, ambayo nilikuwa nimeinunua Kendal, kaskazini mwa Uingereza, na kuisafirisha ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa vizuri ili harufu yake isihamie kwenye sweta nilizomletea mama. Aliibonyeza kwa ukucha, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, tumbaku hii wameipaka nini? Na kwa kuipaka, walikuwa wanaficha nini?"

Tulikuwa Mvumi, wilayani Chamwino, barazani kwake, jioni ya siku yangu ya pili nyumbani. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, nikalala Dodoma mjini, na asubuhi nikapanda gari la abiria. Nilipofika nilibisha "Mbukwenyi!", salamu yetu ya Kigogo, kwa sauti ambayo baada ya miaka tisa ya Kiingereza ilinitoka kwa woga kidogo. Babu amevuta kiko tangu kabla mama yangu hajazaliwa, na marehemu bibi alikuwa na kiko chake cha udongo chenye mrija wa mti. Kwa hiyo sikuona haya kumletea mzee tumbaku. Sikujua tu kwamba angeuliza swali ambalo mimi mwenyewe, kwa miaka yote niliyoivuta, sikuwahi kujiuliza.

Nieleze kwanza kitu chenyewe. Kendal ni mji mdogo wa mawe ya kijivu, kando ya mto Kent, mahali ambapo mvua hunyesha hata watu wakaacha kuizungumzia. Mimi hufanya kazi ya kutunza wazee huko. Mji huo umetengeneza ugoro na tumbaku ya kiko kwa zaidi ya miaka 200. Kiwanda cha Samuel Gawith kinahesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1792, na mwaka 2015 kiliungana na jirani yake, Gawith Hoggarth. Miongoni mwa vitu wanavyotengeneza ni tumbaku ya kamba, na hata leo husokotwa kwa namna ambayo mtu yeyote aliyewahi kuona kamba ya katani ikisokotwa angeielewa mara moja. Majani huondolewa mshipa wa katikati, yakapangwa kwa urefu kama matumbo ya kamba, yakavikwa jani pana lisilo na tundu, halafu mashine ikayazungusha huku mkono wa msokotaji ukiendelea kulisha majani mengine. Ikiachwa hivyo na kushindiliwa, huwa kamba ya rangi ya kahawia. Ikitiwa mafuta na kupikwa kwa joto huku imebanwa kwa muda mrefu, hugeuka nyeusi kabisa, na ukali wake ulimini hupungua ingawa nguvu yake kichwani haipungui hata kidogo.

Wachimbaji wa makaa ya mawe waliithamini kwa sababu ambayo ni ya kusikitisha na yenye akili pia: chini ya ardhi, penye gesi inayolipuka, moto ulikuwa marufuku, kwa hiyo walikata kipande cha kamba na kukitafuna wakiwa kazini, kisha jioni wakakata kipande kingine cha kamba ile ile na kukitia kwenye kiko. Mabaharia nao waliipenda kwa kuwa kamba iliyobanwa haikauki upesi wala haipeperuki na upepo.

Mimi niliifahamu kupitia mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia, fundi mstaafu, ambaye alitaka nimkatie tumbaku yake kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka. Tangu mwezi Julai mwaka 2007 sheria ya Uingereza inakataza kuvuta ndani ya majengo ya umma na ya kazi, kwa hiyo tulikaa nje, chini ya kibanda cha bustani, yeye akiwa na blanketi magotini na mimi nikiwa na kisu na kibao. Alikuwa mkali juu ya jambo moja tu: unene wa kipande. Kamba hukatwa kwa upana, vipande vya mviringo kama sarafu, na kipande kisizidi unene wa milimita moja au mbili, kwani kikiwa kinene moto hautapita, na kikiwa kimefikichwa mno kitaungua kwa haraka na kuuchoma ulimi. Baada ya kukata, vipande hutandazwa vikauke. Huko Kendal, kwa unyevu ule, nilizoea kuvitandaza asubuhi ili tuvivute alasiri.

Ndipo penye tofauti ya kwanza niliyoiona Mvumi. Nilivitandaza vipande kwenye ungo, nikaenda kumsaidia shangazi kuteka maji, na niliporudi vilikuwa tayari vimekauka kupita kiasi. Hewa ya Dodoma haina subira na kitu chenye maji. Babu alivifunika kwa kitambaa kibichi kwa muda mfupi tu, akavigusa, akasema sasa. Hakuwahi kuiona tumbaku hiyo maishani mwake, lakini vidole vyake vilijua.

Sasa nirudi kwenye swali lake, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Kamba niliyompelekea ilikuwa ya ladha. Zipo kamba za Kendal ambazo hazijatiwa kitu zaidi ya mafuta, na zipo zilizotiwa ramu, vanila, cheri au anisi. Eneo hilo pia lina desturi ya kutia tumbaku manukato ya maua, waridi na majani ya jerani, pamoja na mbegu za tonka zenye harufu iliyo karibu na vanila na lozi, kiasi kwamba mtu anayefungua kopo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani amefungua sabuni ya bibi harusi. Hii yangu ilikuwa ya ramu. Nilimweleza hivyo. Babu akasema kwamba mtu hatii viungo vingi kwenye nyama iliyochinjwa leo.

Nilitaka kumpinga, lakini historia iko upande wake zaidi kuliko upande wangu. Katika karne ya 18, huko Bahia nchini Brazili, tumbaku bora ilipelekwa Lisbon, na majani ya daraja la chini, yale yaliyokataliwa, yalisokotwa kuwa kamba nene, yakapakwa molasi, yaani maji mazito ya miwa, na kusafirishwa hadi pwani ya Afrika Magharibi, hasa Ouidah katika nchi ambayo leo ni Benin, yakabadilishwa kwa watu. Molasi ilifunika kasoro za jani, ikaizuia kamba isikauke baharini, na ikaipa utamu ambao wanunuzi wa pwani ile waliuzoea hata wakaupenda kuliko tumbaku nyingine. Watumwa waliotolewa huko walipelekwa Brazili, miongoni mwa kazi nyingine, kulima tumbaku hiyo hiyo. Kila mara ninapofungua chupa na kusikia utamu wa ramu, ambayo nayo hutengenezwa kwa miwa, nakumbuka kwamba kamba tamu iliwahi kuwa bei ya binadamu, na sioni kama ni haki kuivuta bila kulijua hilo.

Hata hivyo, sidhani kwamba ladha zote ni za kuficha. Mwanzoni nilipokuwa navuta kamba ya ramu, utamu ulikuwa unanipokea katika pumzi za kwanza tu, kisha ukaondoka, na kilichobaki ni jani lenyewe, zito, lenye harufu ya kuni, ngozi na udongo uliolowa. Ladha njema hukufungulia mlango kisha ikaondoka. Ladha mbaya ni ile inayobaki nawe hadi majivu, kwa sababu chini yake hakuna kitu. Hicho ndicho kipimo changu, na nimekitumia kuacha tumbaku kadhaa za makopo ya kupendeza ambazo kwa kweli ni sukari iliyotiwa rangi ya tumbaku.

Kumbe babu naye ana ladha yake, ila ameizoea hata haioni. Ugoro anaonunua kwenye mnada wa Msalato umechanganywa na magadi, ambayo huufanya upande haraka na kuuma puani, na akiupata mkavu sana huuongezea samli kidogo. Nilipomwambia kwamba magadi pia ni kupaka, alinyamaza kwa muda mrefu, akakubali kwamba ni kweli, lakini magadi yanaiongezea tumbaku nguvu ya kuwa tumbaku, wakati ramu inaitaka iwe kitu kingine. Sijapata jibu la kumshinda.

Mjomba, ambaye aliwahi kulima tumbaku ya mvuke huko Manyoni, alijiunga nasi akiwa na swali la kitaalamu zaidi. Alitaka kujua jani la kamba limekaushwaje. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, kwa joto linalopita kwenye mabomba, bila moshi kuligusa jani, na hutoka ya rangi ya dhahabu na yenye sukari nyingi. Tumbaku ya moshi, ile inayolimwa Ruvuma, kama Songea na Namtumbo, huning'inizwa juu ya moto wa kuni hadi moshi uingie ndani ya jani. Mjomba alichukua kipande kimoja cha kamba nyingine niliyokuwa nayo, ya kahawia na isiyo na ladha, akakivunja, akakipeleka puani, akasema bila kusita: "Hii ni ya moshi." Alikuwa sahihi. Majani ya moshi yanayosokotwa huko Ulaya hutoka pande nyingi za dunia, Malawi ikiwa mojawapo ya nchi zinazoyauza. Nilimtazama mkulima yule, aliyeuza majani yake kwa bei iliyopangwa na wengine na ambaye hakuwahi kuona yanakoishia, akilitambua jani katika umbo lake la mwisho, na nilifarijika kuliko ninavyoweza kueleza.

Kiko nilichotumia siku ile kina habari yake pia. Nilikipata katika duka la vitu vya zamani huko huko Kendal, kikiwa kimefunikwa ngozi, na kwenye mrija kuna alama ya tembo. Kinaitwa Kiko, kwa jina letu kabisa, na kilitengenezwa Tanganyika. Karibu na Amboseli, upande wetu huko Sinya, lilichimbwa jiwe jeupe jepesi ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari, na kuanzia miaka ya 1950 viko vya jiwe hilo vilitengenezwa Arusha na kuuzwa ng'ambo. Jiwe hilo lina faida kubwa kwa mvutaji wa tumbaku zenye ladha, kwa sababu kiko cha mti hukumbuka: ukivuta kamba ya ramu ndani yake mara kadhaa, kila tumbaku utakayoweka baadaye itakuwa na ramu. Jiwe halishiki harufu kwa kiasi hicho. Babu alipoona tembo kwenye mrija alisema amerudi kuzama tena, akikumbuka hadithi ya tembo aliyezama ambaye Wagogo husema ndiye aliyeupa mji wa Dodoma jina lake.

Nisiache jambo moja muhimu. Tumbaku ya kamba ina nikotini nyingi mno. Mtu asiyeizoea hupata kwikwi, jasho la baridi na kizunguzungu, nami mara ya kwanza nililazimika kujilaza kwenye nyasi zilizolowa. Kuvuta kiko, hata usipomeza moshi, huongeza hatari ya saratani ya mdomo, ya ulimi na ya koo, na katika kazi yangu nimewahudumia wazee wanaolipa gharama hiyo. Mimi huvuta mara moja kwa wiki, Jumapili, na simshawishi kijana yeyote aanze. Binamu yangu mwenye miaka kumi na saba aliomba ajaribu, nikakataa mbele ya babu, naye babu akaniunga mkono.

Tulivuta kwa zamu jua likishuka nyuma ya mibuyu. Nilijaza kiko bila kushindilia, nikakiwasha mara ya kwanza, vipande vikavimba, nikavikandamiza taratibu na kuwasha tena, kwa sababu kamba haikubali moto wa mara moja. Babu alivuta pumzi tatu fupi, akafumba macho, akanirudishia. Alisema harufu ya juu imeondoka na sasa anaisikia tumbaku. Akavuta nyingine mbili. Bibi, alisema, angeipenda hii ya kahawia, ya moshi, lakini hii nyeusi angeniambia niirudishe kwa wenyewe.

Kabla sijaondoka alinipa maagizo. Mwakani nimletee ya kahawia peke yake, isiyopakwa kitu. Ile kamba ya ramu iliyobaki, karibu nusu, aliikata vipande kwa kisu chake cha kuchunia ngozi, kwa unene sawasawa na ule niliofundishwa Kendal ingawa sikumwonyesha, akavitia kwenye kopo lake la ugoro pamoja na kijiwe cha magadi, na akalifunga.