Mtumba wa Nakano

Jumamosi moja ya Februari 2016 nilishuka stesheni ya Nakano, Tokyo, nikiwa na yen 2,000 na majigambo ya Karume, soko la mtumba la Dar es Salaam. Mama yangu ameuza blauzi za mtumba Karume miaka mingi, na tangu darasa la tatu nilikuwa namsaidia kufungua marobota. Nguo unaigeuza, unatazama kwapa, unavuta mshono, kisha unaingiza mkono mifukoni, maana mifuko ya mtumba huwa na mambo: tiketi za treni, sarafu za watu, siku moja hata noti. Sasa nakwenda kuchagua mtumba wa Wajapani, nani ataniweza?

Nakano ni kituo kimoja tu kutoka Shinjuku kwa treni ya haraka ya reli iitwayo Chuo. Jengo lenyewe, Nakano Broadway, ni la mwaka 1966, na ngazi yake ya umeme ina kituko: inakutoa ghorofa ya kwanza hadi ya tatu, ya pili inaruka. Mwenzangu, kijana wa Mombasa aliyenitangulia Japani, alinionya: "Ukipotea simama hapo hapo. Usijifanye wajua."

Nilichofuata ni dojinshi, vijitabu vya katuni ambavyo mashabiki huchora wenyewe, wakalipia uchapaji kwa pesa zao na kuviuza mezani kwenye Comiket, soko lililoanza Tokyo Desemba 1975. Nakala huwa chache. Mwenye nacho akikichoka anakipeleka duka la mtumba, na cha yen 500 unakiokota kwa 100, kama shilingi 2,000 za kwetu wakati ule.

Mandarake, wauza katuni za mtumba walioanzia humo humo mwaka 1980, wana vyumba vingi vilivyotawanyika ghorofa kwa ghorofa. Nilichuchumaa mbele ya rafu zao nikaona ujuzi wangu umekwama. Vijitabu ni vyembamba kama daftari la shule, ubavuni hapaenei jina, inabidi uchomoe kimoja kimoja. Na kila kimoja kiko ndani ya nailoni, huruhusiwi kufungua. Hakuna kwapa la kutazama! Unabaki na jalada tu, na jalada zuri limewaponza wengi. Saa mbili nzima, magoti yakiwaka moto, nilipata sita.

Kisha kwenye kiduka cha pembeni nikaona kapu la diski. Kwenye jalada la moja yuko Reimu, yule binti wa hekalu mwenye utepe mwekundu kichwani, wa Touhou, gemu anazotengeneza mtu mmoja anayejiita ZUN. Yen 300! Gemu hizo nilikuwa nimeziona kwingine kwa zaidi ya 1,000. Na bado nikaomba apunguze. Muuzaji aliinama, akaomba radhi, akainama tena. Mwenzangu alijifanya hanijui.

Bwenini nikaitia diski kwenye laptopu. Ngoma na gitaa. Nikangoja gemu ianze, ukaja wimbo wa pili.

"Bwana we," mwenzangu alisema, amelishika jalada, "hizi ni nyimbo za gemu. Mashabiki wamezipiga upya. Imeandikwa hapa."

"Wapi?"

"Hapa. Ungesoma."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikaiacha iimbe, nikaanza kuchana nailoni za vijitabu. Ukurasa wa mwisho wa kimoja, chini ya tarehe na jina la kiwanda cha uchapaji, mchoraji ameomba kisiuzwe kwenye minada ya intaneti. Cha nne kikadondosha kikaratasi kilichokunjwa mara mbili: safu za namba za meza za Comiket kwa kalamu nyekundu, karibu zote zimekatwa mstari. Tatu zilibaki. Sijui mnunuzi wa kwanza alichelewa, au pesa zilimwishia.

Usiku nilimpigia mama, nikamsimulia kikaratasi.

"Na pesa?"

"Hamna, mama."

"Basi hujakagua vizuri. Rudi tena."