Tenga la Kibiti

"Paka huyo ashuke kabla gari halijaingia getini."

Nilikuwa nimeshapewa kalamu nisaini. Nikairudisha mezani, nikamwambia meneja asante, nikatoka. Ilikuwa Oktoba 2017, upande wa Mangamba, Mtwara, na hiyo ilikuwa yadi ya pili ya malori kunikatalia paka ndani ya siku tatu. Ile ya kwanza mwenyewe hakunisikiliza hata nusu. Alisema gari lake si zizi, akaendelea na simu yake.

Mwaka ule kazi zilikuwepo. Serikali ilikuwa imeagiza korosho ghafi zisafirishwe nje kupitia bandari ya Mtwara, na mavuno yalikuwa ya kupindukia. Mpaka msimu unafungwa zilipita tani 300,000. Malori yalikuja kutoka kila pembe ya nchi, na dereva mwenye leseni safi anayezijua njia za Newala na Tandahimba alitafutwa kama dawa. Hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kurudisha kalamu. Msimu mbaya nisingethubutu. Ningemwacha paka wangu, Kibiti, kwa dada yangu kule Chikongola, nikapanda gari na donge kooni, na watoto wangu wangekula.

Kibiti tulimpata mwaka 2015, mvua inanyesha, tumesimama pale mji wa Kibiti kununua maji. Kitoto cha paka, cha kijivu, kimejibanza juu ya tairi la akiba. Utingo wangu ndiye aliyemchukua, akamkausha na shati lake. Nilikuwa nimefanya kazi na kijana huyo miaka sita, tukila sahani moja. Mwanzoni mwa 2017 tajiri wetu akaondoa mautingo kupunguza gharama, kijana akaenda kuendesha bodaboda, nikabaki na paka. Mwezi wa nane tajiri akauza gari lenyewe.

Asiyewahi kubeba korosho hawezi kuujua upweke wa foleni ya ghala. Unapakia magunia kwenye chama cha msingi cha wakulima, unashuka na vumbi lako mpaka ghala kuu, halafu unakuta magari yamepangana mpaka huoni la mbele. Siku tatu, nne, wakati mwingine zaidi, unasubiri mzigo upimwe upokelewe. Kuondoka huwezi, kwa sababu gunia likipungua wa kujibu ni wewe. Unalala kwenye kabini, unaamka kila turubai likipigwa na upepo. Bila utingo huna hata wa kumwambia "hebu sikiliza, nini kile?" Kibiti alikuwa anainua masikio kabla yangu. Akilala, nami nalala. Sijui kueleza zaidi ya hapo, na sioni aibu.

Yule meneja wa pili, pamoja na ukali wake, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Akiingia chini ya pedali ya breki kwenye mteremko, una tani thelathini nyuma, nani atajibu?" Nilirudi nyumbani swali hilo linanisumbua. Alikuwa na haki. Miaka miwili nilikuwa nimemwacha Kibiti azurure kabini anavyotaka, nikamshukuru Mungu kwamba halikutokea lolote.

Usiku nilimpigia WhatsApp jamaa niliyesoma naye sekondari, ambaye anaendesha malori Marekani. Nilitegemea atacheka. Badala yake akaniambia kwamba huko dereva anayetafuta kazi huuliza jambo hili mapema, kama anavyouliza malipo. Ziko kampuni zinazokataa kabisa, lakini nyingi huruhusu, kwa masharti. Mara nyingi ni mnyama mmoja tu. Nyingine huweka kikomo cha uzito, nyingine hukataa aina fulani za mbwa. Wengi hutaka karatasi ya chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa. Na wengi huchukua amana kwa ajili ya kusafisha gari, na kwa baadhi yao hiyo hairudi.

"Kosa lako unaomba huruma," akasema. "Wapelekee masharti, waone umeyafikiria."

Basi nikayafikiria. Asubuhi nilikwenda sokoni nikanunua tenga la mianzi lenye mfuniko, pana kiasi cha paka kujigeuza. Nikalitoboa pande nne na kupitisha kamba ya manila, lifungwe juu ya kitanda nyuma ya kiti cha dereva lisicheze. Sheria nikajiwekea mwenyewe: gari likitembea, Kibiti yumo ndani ya tenga na mfuniko umefungwa. Hatoki mpaka breki ya mkono imevutwa. Beseni dogo la mchanga, linabadilishwa kila siku. Gari likisimama juani, habaki ndani, maana kabini iliyofungwa kwenye jua la Mtwara ni tanuri. Nikampeleka kwa afisa mifugo, akachomwa sindano ya kichaa, nikapewa kadi. Mwisho nikatia shilingi 50,000 kwenye bahasha ya kaki. Zilikuwa fedha za kodi ya nyumba, na mke wangu alizihesabu mara mbili bila kusema neno.

Yadi ya tatu haikuwa yadi hasa. Ni uwanja wa nyumba ya mzee mmoja mwenye malori matatu, aliyekuwa dereva zamani. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye suka mwenye paka?"

Habari zilikuwa zimeshanitangulia. Njiani nilikuwa nimepanga kusema kwamba paka atakamata panya wanaokata nyaya. Ni kweli, anakamata. Lakini kumfanya mtumishi ili apate nafasi niliona ni kumdanganya mzee. Nikamwambia ilivyo: nalala peke yangu, usiku mwingi, na huyu ndiye mwenzangu. Nikaweka kadi na bahasha mbele yake, nikamwonyesha tenga.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaanza kunisimulia habari za kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Leo mtu anavuka mto Rufiji kwa dakika moja, zile mita 970 zinapita huku anatafuta stesheni ya redio. Wao walikuwa wanalala ng'ambo. Na masika ikikaza, udongo wa kutoka Ndundu mpaka Somanga ulikuwa unameza magurudumu, hakuna aendaye wala arudiye.

"Siku tisa," mzee akasema. "Nilikuwa naongea na redio. Nikaongea nayo mpaka betri zikaisha."

Hakusema zaidi. Akainuka, akachukua ufunguo.

Tulifunga tenga kwenye Scania yake, mimi na yeye, akizijaribu kamba moja moja kwa mkono. Kibiti akaingia bila ubishi, maana chini nilikuwa nimetandika shati langu la zamani. Nikaendesha, mzee pembeni, gari tupu, kuelekea Mikindani. Hakuongea. Tulipoanza kuteremka, bahari ikaonekana kule chini, mara akapaza sauti: "Kamata breki!"

Nikaikamata. Gari likalalama, vitu vyote vilivyokuwa juu ya dashibodi vikamwagika miguuni, chupa ya maji ikabiringika hadi kwenye pedali. Tenga halikutikisika. Mzee aligeuka, akafungua kidogo mfuniko, akachungulia, akaufunga. Kisha akainama mwenyewe akaiokota ile chupa, akanitazama.

"Hii ndiyo ingekuua," akasema. "Nayo itafutie pa kukaa."

Tuliporudi alifungua kauntabuku yake ya magari. Akaandika jina langu, namba ya leseni, posho ya tripu. Chini yake akaandika: paka mmoja, amana 50,000, itarudi gari likiwa safi.

"Anaitwa nani?"

Nilisita. Mwaka ule watu walikuwa wanauawa kule Kibiti na vijiji jirani, na jina hilo lilitajwa kwa kunong'ona.

"Kibiti, mzee. Ndiko tulikomwokota."

Kalamu ikasimama kidogo.

"Pale nimelala sana," akasema, akaandika.

Alfajiri ya kesho yake tulipanda Tandahimba kupakia, chupa ya maji nimeifunga kwa kamba ile ile ya tenga.